Boti Iliyopakwa Mafuta ya Ufuta

Boti ilifika Nachingwea kabla ya maji yake. Zama zile za mpango wa Waingereza wa kulima karanga ilikuwa kawaida kitu kufika kabla ya kile kinachokihitaji. Matrekta yalitangulia vipuri, majiko yalitangulia nyumba, na boti ile ilishushwa kwenye treni kwa sababu kulikuwa na habari kwamba litachimbwa bwawa chini ya kambi ya Wazungu, wapate pa kujistarehesha Jumapili. Bwawa lilichimbwa kweli. Mvua ikalijaza, vyura wakahamia, na kabla msimu haujaisha ardhi ikayanywa maji yote, pakabaki tope lililopasukapasuka. Boti haikupata hata kulowa. Ilikaa juu ya magogo nyuma ya karakana, pua yake imeelekea barabara ya Ruponda, na jua likaanza kuila.

Niliikuta hivyo nilipopata kazi ya kuosha vyuma katika karakana ile. Nilikuwa kijana asiyetulia. Shule niliiacha mapema, si kwa ujinga wala kwa kukosa ada. Mwalimu alikuwa akirudia yale yale kila siku, na barabara iliyopita mbele ya darasa haikurudia kitu. Nikaenda Ruangwa nikakaa na wachoma matofali, nikaondoka nilipojua kwa nini tofali la katikati ya tanuri huiva kuliko la pembeni. Nikaenda Nambilanje nikakaa na mrina asali mpaka nyuki wakanichosha. Mama alisema nina wadudu miguuni. Mimi nilijiona nina macho tu, na macho yanataka chakula chake.

Kitu kimoja nilikitaka kuliko vyote: kuingia baharini. Wanaume waliorudi kutoka mashamba ya mkonge ya pwani walisema kuna maji yasiyo na ng'ambo. Nilikesha nikijiuliza maji kama hayo yanazuiwa na nini yasimwagike. Kwenda kuyaona ningeweza, hata kwa miguu. Lakini sikutaka kusimama ukingoni kama mbuzi aliyefika mtoni. Nilitaka kuwa juu yake, nchi kavu iwe mbali nyuma yangu. Na mtu wa bara, asiyejua hata kushika kasia, nani angempakia?

Ndiyo maana nilipokuwa sina kazi nilikwenda kuizunguka ile boti. Ilikuwa ya mbao nyekundu, imetengenezwa vizuri, mbao moja imekaa juu ya nyingine kama magamba ya samaki. Wenye kuiona ikishushwa kwenye treni walisema ungeweza kujitazama ubavuni ukachana nywele. Sasa ilikuwa imeingia ukungu. Vanishi ilikuwa nyeupenyeupe, kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho, na mahali pengine ilikuwa ikibanduka. Siku moja nilipitisha kitambaa kibichi ubavuni. Papo hapo mbao ikaamka, nyekundu, inang'aa, na mistari yake yote inaonekana. Nikangoja. Maji yalipokauka, ukungu ukarudi. Nikapitisha tena.

"Unafanya nini hapo?"

Alikuwa Bwana mkuu wa karakana, mwenye boti. Mtu mrefu, shingo imeungua jua, aliyeweza kusimama nje na kusikia kwa masikio trekta gani ndani lina ugonjwa.

"Natazama, Bwana. Ikilowa inang'aa, ikikauka inafifia. Nataka kujua mng'aro unakwenda wapi."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alichuchumaa, akakwaruza vanishi kwa ukucha, ukatoka unga mweupe. Akanionyesha mbao iliyokuwa chini.

"Hauendi popote," alisema. "Ugonjwa uko kwenye ngozi, haujafika kwenye nyama. Unatoa ngozi iliyokufa, unaweka mpya. Basi."

"Naweza kuitoa mimi?"

Akapangusa ukucha kwenye suruali. Wakati huo habari zilikuwa zimeenea kwamba mpango wa karanga unavunjika. Wazungu walikuwa wakifunga masanduku, na nyumba za kambi zilikuwa zikibaki na mapazia bila watu.

"Naihamishia baharini," alisema. "Ukiirudisha ilivyokuwa siku iliposhuka kwenye treni, ing'ae kama kioo, utakwenda nayo. Nitahitaji mtu wa kuitunza na kushika kamba. Mwingine simtaki."

Nilirudi kwenye vyuma vyangu nikiwa sioni mbele kwa furaha.

Kazi ilianza kiangazi kilipoanza. Bwana aliniruhusu kuifanya jioni na siku za mapumziko, akanipa msasa wa karatasi uliokuwa ukitumika kwenye rangi za magari. Ulikwisha upesi. Stoo ikasema hakuna mwingine, kila kitu kinafungwa. Nikakumbuka majani ya mti wa msasa wenyewe, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, ambayo wachongaji Wamakonde waliohamia kutoka ng'ambo ya Ruvuma hulainishia vinyago vyao. Nikayafuata porini, mahali ambapo matrekta hayakuwa yamefika. Majani makavu niliyaloweka kidogo yasipasuke, nikasugua kufuata mstari wa mbao, kamwe si kuukata. Nilijifunza kwamba mkono ukikasirika unaacha alama. Nilijifunza pia kutumia masikio: ngozi iliyokufa inalia kavu, na ukifika kwenye mbao sauti inakuwa nene.

Shahidi wangu mkubwa alikuwa mpishi wa Bwana. Alikuwa Myao, amenizidi umri, ameoa kijijini Matambarale. Mimi Mmwera. Kwa hiyo tulikuwa watani, na tangu siku ya kwanza hakuwahi kunisalimu bila kunitukana. Alikuja na sufuria yake ya kusugua, akakaa kwenye gogo.

"Mtani, huyo unayemsugua hivyo ni mke?"

"Ni boti."

"Boti haisuguliwi kwa upole namna hiyo. Sema ukweli tukupeleke kwa mganga."

"Sugua sufuria zako. Babu zako walipeleka watu pwani kwa minyororo, wewe umeishia kupeleka chai kwa sinia."

"Ndiyo, na bora wangempeleka na babu yako! Leo usingehangaika kuitafuta bahari."

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Kwa watani hakuna neno lililo baya, na aliyekasirika ndiye mwenye makosa. Alikuwa rafiki pekee niliyekuwa naye pale, ingawa hatukuwahi kuambiana hivyo.

Mbao zilipokuwa safi, adui akawa vumbi. Wasiokuwapo hawawezi kujua vumbi lile. Misitu ilikuwa imeng'olewa kwa minyororo iliyovutwa na matrekta mawili mawili, ardhi ikabaki uchi mpaka upeo wa macho, na upepo wa kiangazi ulipovuma nchi nzima iliinuka ikatembea. Ilikuwa ndani ya chai, ndani ya masikio, ndani ya vitanda. Punje moja ikitua juu ya vanishi mbichi inakaa hapo milele. Nikaomba turubai bovu, nikaizungushia boti kama kibanda, nikamwagia maji chini kila asubuhi kabla upepo haujaamka. Nilipaka vanishi nyembamba kwa brashi ya nywele laini, nikaiacha ikauke, nikaisugua tena kwa jani lililochakaa, nikaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikapaka nyingine. Mtu yeyote sikumruhusu kuingia.

"Ahaa," mpishi alisema nje ya turubai, "sasa nimeelewa. Umemweka ndani. Ni mwali!"

"Na wewe ukae mbali naye."

"Mmwera amekuwa kungwi! Nikisema Matambarale watacheka mpaka mavuno mengine. Haya kungwi, umemfundisha nini mwali wako?"

"Anyamaze mbele ya Wayao."

Jina likashika. Karakana yote ikawa inauliza hali ya mwali. Hata Bwana, alipokuja kutazama, alifunua pembe ya turubai kwa vidole viwili, kwa heshima. Mara ya mwisho alilifunua mpaka nusu. Niliona uso wake ndani ya ubavu wa boti, na nyuma ya uso wake mawingu.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana. Keshokutwa inapanda treni."

"Na mimi, Bwana?"

"Iache ikauke," akasema, akaondoka.

Nililichukua lile kuwa ndiyo. Nikafua shati. Nikamwachia jirani jembe langu ampelekee mama. Watu wa karakana wakaniambia niwaletee chumvi na kombe za baharini, na mmoja akanitaka nimletee bahari yenyewe ndani ya chupa aamini.

Siku ya kuitoa, turubai liliondolewa asubuhi ili boti ipandishwe kwenye lori jioni, ilale stesheni. Mimi nikaenda stesheni kukusanya magunia makavu ya kuweka chini ya mbao zisikwaruzwe na chuma cha behewa. Vanishi ya juu ilikuwa imekauka kwa kugusa, lakini chini ilikuwa bado laini. Kwa hiyo nilimwomba mlinzi asiache mtu asogee. Sikufikiri kwamba mlinzi hangemhesabu mpishi kuwa mtu.

Upepo ulivuma mchana ule kuliko siku nyingine zote. Niliporudi na magunia kichwani niliwaona watu wamesimama mduara nyuma ya karakana. Wakanipisha. Boti ilikuwa nyekundu, lakini si nyekundu yake. Ilikuwa na wekundu wa shamba. Kuanzia pua mpaka nyuma ilikuwa imevaa vumbi lililoganda kama uji wa mtama, na ilikuwa ikinuka mafuta ya ufuta.

Mpishi alikuwa amesimama na kibuyu mkononi. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani usoni.

Kwetu na kwao, mwali akitolewa ndani hupakwa mafuta mwili mzima, ang'ae, ndipo watu wamtazame. Kumtoa mkavu ni kumwaibisha yeye na waliomlea. Mke wa mpishi alikuwa amemletea mafuta mapya kutoka Matambarale, ya ufuta wa msimu ule, na yeye akaipaka boti yote kwa kiganja, taratibu, huku anaimba. Waliokuwapo waliniambia kwamba kabla ya upepo iling'aa kuliko jua, na wengine walipiga vigelegele. Kisha nchi ikainuka ikaja.

Nilijaribu kufuta. Kitambaa kilivuta vumbi, vumbi likachana vanishi iliyokuwa bado laini, na chini ya mafuta nikauona ule ukungu mweupe umerudi, umelala pale pale nilipouondoa. Nilikuwa bado nimepiga magoti Bwana alipofika.

"Nini hii?"

Nikaendelea kufuta. Mpishi akasema, "Ni mimi, Bwana. Mafuta."

"Bwana," nikasema, "nipe kesho na keshokutwa. Nitaitoa. Imeharibika ngozi ya juu tu, nyama ni nzima."

Alitazama saa yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa kama mtu aliyeondolewa mzigo.

"Treni haingoji," alisema. "Nilikwambia ing'ae kama kioo. Haijang'aa. Basi."

"Iling'aa, Bwana. Uliiona."

"Leo haijang'aa." Akaenda kusimamia upakiaji wa injini ya boti.

Injini ya boti ilikuwa imetolewa mapema na kuwekwa ndani ya karakana, nami nilidhani ni kwa ajili ya kupunguza uzito. Sasa nikaona inavyopakiwa. Iliviringishwa katika blanketi, ikatiwa kwenye sanduku lililojazwa taka za randa, na Bwana mwenyewe akapiga misumari ya mwisho. Kisha wakaja kwenye boti. Waliitupia juu ya lori kama kitanda kibovu. Nilikuwa nimeyashika magunia yangu, hakuna aliyeyataka. Wakapitisha mnyororo, ule ule wa kung'olea miti, juu ya mbao tupu, wakaukaza mpaka ukalia. Nilisikia ile sauti nene inayotoka ukifika kwenye nyama.

Lori lilipoondoka nilibaki na mpishi.

"Mtani," alisema, "kaa chini."

"Sikai."

"Basi sikia umesimama. Hukuwa unakwenda. Kuna mtu wa Mtwara amenunua injini. Boti imekwenda kwa kuwa injini ilikuwa ndani yake, kama mtu anavyouziwa karanga na maganda. Bwana anapanda meli kwenda kwao. Yalisemwa mezani nikiwa natia mchuzi."

"Yalisemwa lini?"

"Ulikuwa unasugua ubavu wa kwanza."

Nikamtazama. Kiangazi chote kilipita mbele yangu: majani, magoti, yeye juu ya gogo lake na sufuria, akicheka.

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa unaimba, mtani. Ningeanzia wapi?"

"Na mafuta haya?"

"Nilisema, kama huendi nayo, basi angalau itoke kwa heshima. Mwali hatoki mkavu." Alikiweka kibuyu chini. "Nitukane. Nitukane unavyotaka."

Nilifungua mdomo nikatafuta. Lakini matusi yote tulikuwa tumeshayamaliza kwa mchezo. Nilikuwa nimeshamtukana baba yake, babu yake, kabila lake, sura yake na ugali wa mkewe, na kila mara tulicheka. Hakukuwa na neno hata moja lililobaki na uchungu wake. Na kumpiga mtani ni aibu ambayo ningeibeba mpaka kwetu. Yule Bwana ningemchukia, lakini alikuwa tayari ameshakuwa nyuma ya sanduku la injini, anakwenda zake, na chuki haina pa kushika mtu wa namna hiyo. Kwa hiyo niliondoka. Sikumuaga. Nilisikia akiita mara moja, "We Mmwera!", kama alivyoniita siku zote, na sikugeuka. Miaka michache baadaye niliambiwa amekufa kwao alikozaliwa. Watani ndio huja msibani kuwachekesha wafiwa. Mimi nilipata habari wakati matanga yamekwisha, na hata kama ningeipata mapema, sijui kama ningekwenda.

Niliiona bahari baadaye, nilipochoka kuikasirikia. Nilishuka na watu waliokuwa wakienda kutafuta kazi kwenye mkonge, nikafika Mikindani mchana wa jua kali. Maji yasiyo na ng'ambo yalikuwa na ng'ambo: ni ghuba, na upande wa pili palionekana minazi. Nikatembea ufukweni nikitafuta mahali yanapofunguka, ndipo nikaikuta.

Niliijua kwa alama ya mnyororo ubavuni. Ilikuwa imelazwa mchangani, haina injini, imetobolewa mahali pa kusimika mlingoti mfupi. Mtu mmoja alikuwa akiipaka kitu cheusi kwa kitambaa, na kinanuka vibaya.

"Ni nini hicho, kaka?"

"Sifa. Mafuta ya papa. Wewe si wa huku?"

"Wa bara. Mnaipaka mafuta?"

"Usipoipaka mafuta itapasuka, itanywa maji. Hata mtoto anajua."

Nikasimama nikimtazama anavyopaka. Alitumia kiganja pia pale kitambaa kilipokwama, taratibu, kutoka pua kwenda nyuma. Vanishi haikuwapo tena, isipokuwa kipande kidogo chini ya ukingo, ambako jua halikufika. Pale paling'aa bado. Nilipagusa kwa kidole.

"Kwa nini hamuing'arishi?"

Akacheka. "Samaki hawachani nywele, bwana."

Wenzake wakaja na nyavu. Mmoja akaniita, "Wewe uliyesimama, shika huku tusukume." Nikaweka shuka langu mchangani, nikaweka mabega ubavuni. Tulisukuma. Nilihisi uzito wake ukihama, ukawa mwepesi ghafla, maji yakanifika mapajani, ya vuguvugu, na mdomoni mwangu nikaonja ile chumvi waliyokuwa wakiisema. Wakarukia ndani mmoja mmoja.

"Na mimi nipande?" nikauliza.

"Imejaa," yule wa mafuta akasema, si kwa ubaya. "Siku nyingine."

Wakavuta tanga. Maji yaliruka yakaupiga ubavu, na pale palipolowa mbao ikaamka, nyekundu, mistari yote ikaonekana, kama siku ile nilipopitisha kitambaa kibichi. Nilijua ikianikwa itafifia tena. Nilisimama mpaka sikuweza kutofautisha ubavu na maji, kisha nikarudi ukingoni kulitafuta shuka langu. Niliisugua mikono kwa mchanga. Harufu ya mafuta haikutoka.